Je, Chuma Kina Dhambi?

Kuna swali moja ambalo tulilijibu upesi mno, na jibu letu likamletea mjane hasara. Kwa sababu hiyo twataka kulitazama tena mbele yenu, polepole, kama tulivyopaswa kulitazama siku ile ya kwanza.

Kijana mmoja wa mtaa wetu alikuwa akifanya kazi ya kufagia kwa mganga wa meno. Vyombo vya mganga vilipochakaa na kutupwa, yeye aliomba avichukue. Mmeviona vyuma hivyo, ninyi mliokwisha kuketi katika kile kiti na kufunua kinywa kwa hofu. Ni vijiti vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, vigumu, vyenye shingo iliyopindwa na ncha kama ndoana ndogo. Mganga huvitumia kupapasa jino mahali asipoweza kuona vizuri kwa macho, apate kujua kama limetoboka. Kijana huyo alivisugua kwa tupa, akavipunguza unene, kisha akajifundisha kufungua kufuli bila ufunguo. Kwanza alifungua sanduku la mama yake, ambalo ufunguo wake ulikuwa umepotea tangu miaka miwili. Halafu alijaribu kufuli kuukuu alizonunua sokoni kwa franga chache. Mwishowe majirani wakaanza kumwita: huyu ameacha ufunguo ndani, yule mtoto wake ameutupa chooni.

Siku moja redio ya jirani ikapotea. Mlango haukuvunjwa, wala kitasa hakikukwaruzwa. Macho yote yakamgeukia kijana yule, na macho yetu sisi pia. Jioni akaja kwetu, ameshika kopo la maziwa lenye vile vyuma ndani, akasema: «Mwalimu, watu wananiita mwizi. Vyuma hivi ni dhambi? Nivitupe?» Nasi tuliosoma Seminari, ambao watu hutuita walimu, tulimjibu hata bila kumkaribisha aketi: «Vitupe, mwanangu. Mtu mwema ana kazi gani na vyuma vya wezi?» Akaenda, akavitupa mtoni.

Miezi miwili ikapita, na mambo mawili yakatokea. La kwanza, redio ilionekana. Aliyeiuza alikuwa mpwa wa mwenye nyumba mwenyewe, naye aliingia kwa ufunguo halali, ule ambao mjomba wake aliuficha siku zote juu ya mlango. La pili lilikuwa zito zaidi. Mama mmoja mjane alitoka kuteka maji, akamwacha mtoto wake wa miaka mitatu amelala. Upepo ukausukuma mlango, kitasa kikajifunga, na ufunguo ulikuwa ndani juu ya meza. Ndani pia mlikuwa na mbabula yenye makaa ya moto, na dirisha lilikuwa na vyuma. Watu walimkimbilia kijana yule. Akanyosha mikono mitupu, akasema: «Sina kitu. Nimevitupa.» Basi wakaleta shoka. Mtoto alitolewa amelegea, akatapika, akapona, Mungu asifiwe. Lakini mlango na miimo yake vilipasuka vipande vipande. Mjane hakuwa na fedha ya seremala. Alitundika kitambaa mlangoni, na katika juma la tatu wezi wakaingia wakachukua sufuria zake na nguo zake. Katika hasara ile sehemu moja ni yetu.

Sasa tulitazame swali. Katika Seminari tulifundishwa kwamba tendo la mtu lapimwa kwa mambo matatu: kitu chenyewe kitendwacho, nia yake atendaye, na hali zinazolizunguka tendo. Siku ile hatukupima hata moja la haya matatu. Tulipima chuma. Tuliona ndoana, tukaona wezi.

Lakini chuma chenyewe chatoka wapi? Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye wengi humwita baba wa uganga wa meno wa siku hizi, alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1728. Vyombo vyake vingi havikuzaliwa katika uganga. Alivitwaa kwa mafundi wa saa, kwa masonara na kwa vinyozi, akavigeuza vifae kinywani. Huko Marekani, mnamo mwaka 1790, John Greenwood, aliyekuwa mganga wa meno wa Rais George Washington, alitwaa gurudumu la mama yake la kusokotea uzi, lile linaloendeshwa kwa mguu, akalifanya lizungushe keekee ya kutobolea meno. Hakuna aliyesema kwamba gurudumu lile lilikosa kwa kuacha pamba na kuingia kinywani mwa watu. Basi kama chuma kilitoka kwa fundi wa saa kikaenda kwa mganga, kisha kikatoka kwa mganga kikaenda kwa kijana wetu, hakikufanya neno jipya. Kiliendelea na safari yake ya zamani, kila mara kikifuata mkono na akili ya mtu.

Maandiko nayo yatuonyesha jambo hilo. Nabii Isaya aona panga zikifuliwa kuwa majembe. Nabii Yoeli aita majembe yafuliwe kuwa panga. Chuma ni kile kile, na labda hata mhunzi ni yule yule. Kilichobadilika ni moyo wa watu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alikutana na swali hili alipokuwa akichunguza mapambo ya wanawake, na kama ni dhambi kwa fundi kuyatengeneza. Jibu lake lina sehemu tatu. Kazi ya kutengeneza kitu ambacho hakiwezi kutumiwa pasipo dhambi, kama sanamu za kuabudiwa, hiyo ni dhambi kwa fundi mwenyewe. Kazi ya kutengeneza kitu kinachoweza kutumiwa vyema au vibaya, kama panga na mishale, si dhambi. Tena, kama kuna vitu ambavyo watu huvitumia vibaya mara nyingi, ingawa vyenyewe si vibaya, basi ni kazi ya mtawala kuviondoa mjini. Tazameni jinsi mwalimu huyu alivyo mwangalifu. Hasemi kila kitu ni halali, wala hasemi kila kitu chenye hatari kitupwe mtoni. Atutaka tuulize: je, kitu hiki chaweza kutumiwa vyema? Mtoto aliyelala karibu na mbabula ni jibu la kutosha.

Mtu atasema: «Haya, chuma hakina dhambi. Lakini ujuzi je? Kwa nini mtu mwema ajifunze siri ya kufuli?» Swali hili si jipya. Lilijadiliwa sana katika mji wa London mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya kazi za mataifa yote. Tusimulie kisa chenyewe, kwani chafaa sana kutufundisha.

Siku zile Waingereza walijivunia kufuli mbili. Ya kwanza ilibuniwa na Jeremiah Chubb mwaka 1818, na ilikuwa na hila ya ajabu: mtu akijaribu kuifungua kwa chuma kisicho ufunguo wake, ilijikaza, na mwenyewe alipokuja na ufunguo wa kweli alitambua kwamba imeguswa. Mfungwa mmoja, ambaye alikuwa fundi wa kufuli, aliahidiwa msamaha akiweza kuishinda, akashindwa. Kufuli ya pili ilitoka kwa Joseph Bramah. Kwa zaidi ya miaka 40 ilikaa katika dirisha la duka lake, na maandishi yakiahidi gini 200, yaani paundi 210, kwa yeyote atakayetengeneza chombo cha kuifungua. Bramah mwenyewe alikufa mwaka 1814, na kufuli yake ilikuwa bado haijafunguliwa. Watu walilala usingizi mwema.

Ndipo alipokuja Mmarekani, jina lake Alfred Charles Hobbs. Mbele ya mashahidi aliifungua kufuli ya Chubb kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha akaijia ile ya Bramah, akiwa na vyuma alivyovitengeneza mwenyewe. Alifanya kazi saa 51 zilizotawanyika katika siku 16, nayo ikafunguka. Akalipwa zile gini 200.

Watu walishtuka. Wengine walimlaumu: kwa nini kufundisha ulimwengu kwamba kufuli hizi zafunguka? Je, si kuwafungulia wezi shule? Jibu la upande wa Hobbs limo katika kitabu juu ya kufuli kilichotolewa London mwaka 1853, nasi twaliandika kwa maneno yetu wenyewe: mwizi hangoji kitabu, kwa kuwa ameijifunza kazi yake zamani, anayebaki gizani ni mwenye nyumba, na ni yeye anayehitaji kujua. Tusimfanye Hobbs mtakatifu. Alikuwa mfanya biashara ya kufuli, na aibu ya kufuli za wengine ilikuwa faida kwake. Hata hivyo, neno lenyewe ni la haki. Mtu aliyeuziwa kufuli dhaifu kwa bei ya kufuli imara amekwisha kuibiwa dukani, kabla mwizi hajafika nyumbani kwake. Kumficha ukweli ili alale vizuri si upendo.

Tena ujuzi huo ulizaa matunda. Mafundi walijitahidi kutengeneza kufuli zilizo imara zaidi. Mwaka 1861 na tena mwaka 1865 Linus Yale mdogo, Mmarekani mwingine, alipata hati za serikali kwa kitasa ambacho ndugu zake wako leo katika milango mingi ya miji yetu. Naye hakuanza mahali pasipo kitu: alifuata hila ya kufuli za mbao za Wamisri wa kale. Ndani ya kitasa hicho mna kijipipa kidogo kinachozunguka pamoja na ufunguo, na safu ya vipini, mara nyingi vitano au sita, vinavyosukumwa na springi na kukizuia. Ufunguo wa kweli wavipandisha vyote kwa kimo kinachofaa, na kijipipa chapata kuzunguka. Kijana wetu alikuwa akitafuta vimo hivyo kwa kupapasa gizani, kipini baada ya kipini, kama vile mganga apapasavyo jino. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Fundi anayetaka kutengeneza kitasa bora hana budi kuwa kata ya mtungi ule.

Lakini tusikimbilie upande wa pili, tukasema kwamba ujuzi wote ni wa kumwagwa njiani kama mtama wa kuku. Kumwambia mwenye kufuli kwamba kufuli yake ni dhaifu ni jambo moja. Kumtilia mtu yeyote chuma mkononi na kumwonyesha mlango wa jirani ni jambo lingine. Mwalimu wa ujuzi wenye hatari ana deni la kumjua mwanafunzi wake. Fundi anayewafundisha vijana kufua visu haulizwi juu ya kila kisu kitakachomwaga damu. Lakini akimfundisha mtu aliyekwisha kumwambia, «Nataka kumchoma ndugu yangu», basi mkono wake umo katika damu ile.

Ubaya basi wakaa wapi? Turudi kwenye redio iliyopotea. Yule mpwa alitumia ufunguo wa kweli, uliotoka dukani pamoja na kitasa chake, akawa mwizi. Kijana wetu alitumia chuma kilichookotwa. Akawa msaada wa majirani. Kwa hiyo si ufunguo unaompa mtu ruhusa ya kuingia. Ni haki. Mlango una mwenyewe, na neno la mwenyewe ndilo ufunguo wa kwanza. Aliye na neno hilo, hata akifungua kwa ndoana ya meno, ameingia kwa mlango. Asiye nalo, hata akiwa na ufunguo wa fedha, ameruka ukuta.

Twaona kwamba hata sheria za serikali zafuata njia hiyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 juu ya wizi humhukumu mtu aliyetoka nyumbani kwake akichukua kitu chochote kwa ajili ya kuibia. Kitu chochote: sheria haikutaja chuma fulani na kukiita kiovu, bali yauliza kilichukuliwa kwa kazi gani. Na huko Hamburg, katika nchi ya Ujerumani, tangu mwaka 1997 pana chama cha watu wanaofungua kufuli kama mchezo, kama wengine wanavyocheza sataranji. Watu wa mchezo huo, huko na katika nchi nyingine, wana desturi mbili: usifungue kufuli isiyo yako pasipo ruhusa ya mwenyewe, na usijaribu kufuli inayotumika mlangoni. Wengine wao hutengeneza vyuma vyao kutokana na vyombo vya mganga wa meno, sawasawa na kijana wetu.

Mtauliza: «Na yule mtoto? Mama yake alikuwa mtoni. Kama asingekuwako wa kutoa ruhusa, je?» Hapa hali zalibadilisha tendo. Mama gani, akijua kwamba mwanawe avuta hewa ya makaa, angekataa mlango wake ufunguliwe? Ruhusa yake ilikuwamo katika upendo wake, hata kabla ya kuulizwa. Hapo mwenye ujuzi hapaswi kungoja. Kungoja ndiko kungekuwa kosa. Lakini tuangalie tusiifanye haja ya kweli kuwa kisingizio. Uhai wa mtu ulio hatarini ni haja. Hamu ya kujua jirani anapika nini si haja.

Aliye na ujuzi huu ana madeni mengine pia. Mtu akija usiku akasema, «Hii ni nyumba yangu, nifungulie», fundi asiridhike na maneno tu. Aulize majirani, awaite watu wawili, afungue machoni pao. Mwenye haki hatakasirika kwa kuulizwa, na anayekasirika sana atutie shaka. Tena, afunguapo mlango, macho yake yabaki mlangoni. Kwani kufuli haitunzi mali tu. Yatunza heshima ya nyumba: ugonjwa wa baba, umaskini wa mama, barua za binti. Fundi anayefungua sanduku kwa haki, kisha akatoka kusimulia aliyoyaona ndani, hakuiba nguo, lakini ameiba siri. Na siri, ndugu zetu, hairudishwi kama redio.

Mpaka hapa tumesema juu ya deni la mwenye ujuzi. Limebaki deni letu sisi tusio nao. Kijana yule hakuja kwetu kwa sababu vyuma vyake vilimchoma dhamiri. Alikuja kwa sababu macho yetu yalimchoma. Tulimhukumu pasipo ushahidi, kwa hoja hii moja: aweza, kwa hiyo amefanya. Kama hoja hiyo ni kweli, basi mganga wa meno ni mtesaji, mwenye duka la dawa ni muuaji, na kila mwenye ulimi ni mwongo, kwa maana wote waweza. Amri ya saba yatukataza kuiba mali ya mtu; amri ya nane yalinda jina lake. Mwizi wa redio alikuwa mmoja. Wezi wa jina la kijana yule tulikuwa mtaa mzima, na redio ilirudi mapema kuliko jina.

Kwa hiyo tulifanya yaliyotupasa, ingawa kwa kuchelewa. Tulimwendea kijana nyumbani kwao, mbele ya mama yake, tukamwambia: «Mwanangu, tulikujibu vibaya. Tulikihukumu chuma kwa sababu tulikuwa tumekwisha kukuhukumu wewe.» Alinyamaza kidogo, akatazama chini, kisha akasema: «Mwalimu, mimi nilivitupa kwa sababu ulisema wewe. Angesema mwingine, nisingetupa.» Maneno hayo yametukaa moyoni kuliko lawama yoyote. Mwenye kuaminiwa ameshika ufunguo wa dhamiri za watu, naye aweza kuutumia vibaya hata akiwa na nia njema, akifungua au akifunga kwa haraka.

Tulichanga pamoja na majirani, tukamlipa seremala, na mjane ana mlango tena. Kijana ameomba vyuma vingine kwa mganga wake, na mganga amempa viwili. Anavihifadhi katika kopo lile lile, nyumbani, si mfukoni, na majirani wanajua kopo liko wapi. Akiitwa, huenda pamoja na mtu wa pili. Wapo bado wanaomtazama kwa jicho la pembeni. Hao twawaomba wafanye jambo moja kabla hawajasema neno lolote: wainue mkono wapapase juu ya milango yao wenyewe, waone ni ufunguo gani wameuacha pale, na ni nani katika jamaa anayejua.